Isome namba ya kadi kabla ya kununua mega

Na Kaumba Mwilambwe

Vijana wa Kenya, wa Katuba na wa Kampemba, komuni zetu za Lubumbashi, hawaachi kuniuliza swali lile lile: "Yaya, nimeweka kadi ya grafiki, draiva inakataa, nifanye nini?" Na karibu kila anayeuliza amekwisha kufanya jambo ambalo nawaomba leo wasilifanye tena. Amenunua mega, amepakua faili la zaidi ya megabaiti 600, kompyuta imelikataa. Akanunua mega nyingine, akapakua toleo jingine, likakataliwa pia. Pesa ya chakula cha nyumbani imekwenda, na kioo bado kinaonyesha herufi kubwa zilizovimba.

Draiva inapokataa katika mji huu, sababu kwa kawaida iko kwenye kadi yenyewe: mwenye nayo hajui ni kadi gani, na aliyemuuzia hakumwambia. Hilo ndilo ninalotaka kulisema juma hili, na nitalisema kwa urefu, kwa sababu nimechoka kuona wanafunzi wakilipa mara mbili kwa kosa la dukani.

Draiva, au piloti kama wengi wetu tulivyofundishwa kwa Kifaransa, ni programu inayoiwezesha Windows kuelewana na chipu iliyo kwenye kadi. Kila draiva imeandikiwa vizazi fulani vya chipu, na ndani yake mna orodha ya namba zake. Namba ya kadi yako isipokuwemo, kazi inaishia pale pale; hata ukirudia mpaka usiku, jibu halibadiliki.

Sasa tazama kompyuta zilizo kwenye paseli zetu. Nyingi ni za okazio: Dell OptiPlex na HP zilizokuwa za ofisi za watu huko nje, zikashushwa Dar es Salaam au Durban, zikapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Ofisi zilizitumia kuandika barua. Sisi tunataka zikate video za harusi, zichore nyumba kwa AutoCAD, au zizungushe modeli ya mgodi kwenye Surpac kwa ajili ya TFC, yaani kazi ya kumaliza masomo, ya mwanafunzi wa Polytechnique. Kwa hiyo mtu anatafuta kadi ya grafiki, nayo ya okazio, iliyopita mikono mingi. Sanduku lake, kama lipo, huenda lilikuwa la kadi nyingine kabisa.

Chukua GeForce GT 730, kadi ya bei nafuu ambayo NVIDIA iliitoa 2014. Chini ya jina hilo moja ziliuzwa chipu za vizazi viwili. Moja ni GF108, ya kizazi cha Fermi kilichoanza 2010. Nyingine ni GK208, ya kizazi cha Kepler kilichoanza 2012. Fermi ilifika mwisho wa njia kwenye draiva 391.35, ya Machi 2018. Kepler iliendelea hadi familia ya 470, ambayo nayo iliacha kupata nyongeza za michezo 2021, ikabaki na marekebisho ya usalama tu hadi 2024. Draiva mpya ya leo inazikataa zote mbili. Majirani wawili wa Kamalondo wanaweza kuwa na GT 730 kila mmoja, mmoja akampa mwenzake faili lililomfaa, nalo likakataa, na wote wawili wakaamini kwamba kompyuta ya pili ni mbovu. Hakuna kilichoharibika. Zinashiriki jina, basi.

Ndiyo maana nasema tuanze na namba. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyoenea hapa, fungua "Gestionnaire de périphériques", nenda kwenye kadi ya video, bofya kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, kisha kwenye ukurasa wa "Détails", na katika orodha inayoshuka chagua namba za utambulisho wa kifaa. Utaona mstari wenye VEN na DEV. VEN inamtaja mtengenezaji wa chipu: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. Alama nne zinazofuata DEV zinaitaja chipu yenyewe. Ile GT 730 ya Fermi huandika 0F02. Ile ya Kepler, 1287. Nakili mstari huo kwenye karatasi, utafute kwa simu, na kwa mega chache sana utakuwa umejua ni draiva ipi ya kupakua, au kwamba hakuna ya kupakua.

Ukiwa hapo, soma pia namba ya kosa. Namba 28 inasema tu kwamba draiva haijawekwa, na huo ni ugonjwa mwepesi. Namba 43 ni nzito zaidi: Windows imeizima kadi kwa sababu kadi yenyewe imeripoti matatizo. Hapo usikimbilie kupakua. Kumpa mtu mwenye mguu uliovunjika vidonge vya malaria hakumsaidii, hata vikiwa vidonge bora.

Kuna udanganyifu unaoniudhi kuliko yote, nao haukuanzia Lubumbashi. Unatoka kiwandani huko mbali na kutufikia kwenye masanduku yanayong'aa. Kadi za zamani kama GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011 huandikwa upya BIOS yake ili zijitaje kuwa GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka 2016. Mnunuzi anaiona Windows ikilitaja jina zuri, analipa, anarudi nyumbani. Anapopakua draiva halisi ya 1050 Ti, mambo yanaharibika: kioo kinakuwa cheusi, mashine inajizima na kujiwasha, au linatokea hilo kosa namba 43, kwa sababu chipu iliyo chini ya feni ni ya Fermi na draiva mpya haina tena lugha ya Fermi. Muuzaji anajibu kwamba mteja hajui kuweka draiva. Mteja anaamini, anaona aibu, ananyamaza.

Dalili mbili zinatosha kumwokoa. Ya kwanza haihitaji hata umeme: tazama matundu yaliyo nyuma ya kadi. NVIDIA iliondoa picha za analogi kwenye kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti ni mojawapo ya kadi zake; kadi inayojiita hivyo huku ina tundu la bluu la VGA itiliwe shaka hapo hapo kaunta. Ya pili ni programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, inayotumiwa na mafundi dunia nzima. Haiishii kwenye jina lililoandikwa katika BIOS, huichunguza chipu yenyewe, na tangu 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya NVIDIA iliyoghushiwa. Kila fundi wa mji huu awe nayo kwenye flashi yake.

Kuna na kadi za wachimbaji. Nasema wale wa sarafu za mtandaoni. Wa shaba yetu hawahusiki. Tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi mno zikamwagwa sokoni kwa mara moja. AMD RX 470, 570 na 580 zilipendwa sana na wachimbaji hao, na wengi walibadilisha BIOS yake ili kumbukumbu ya kadi iende kasi zaidi. Draiva ya AMD hukagua saini ya BIOS. Ikikuta imeguswa, inakataa kuamka. Kadi inatoa picha wakati mashine inawaka, unaona kila kitu ni kizima, kisha draiva inaishia njiani. Dawa yake ni kurudisha BIOS ya asili ya kadi ile ile hasa, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu na umeme wa uhakika. Baadhi ya kadi hizo zina swichi ndogo pembeni yenye BIOS mbili. Zima kompyuta, sogeza swichi hiyo, jaribu tena kabla ya kumlipa yeyote.

Hata kadi ikiwa nzima, kuna suala la umeme: RX 580 hula takriban wati 185, na tundu la bodi mama linatoa wati 75 tu. Zilizobaki lazima zipite kwenye waya wa pini 6 au 8 kutoka kwenye kisanduku cha umeme, na visanduku vya OptiPlex ndogo havina waya huo. Muuzaji anayejua hivyo na bado anamuuzia mtu mwenye OptiPlex kadi hiyo amemkosea.

Umeme unanileta kwenye betri moja ya duara ambayo watu huidharau. Ni CR2032, ya volti 3, iliyo kwenye bodi mama, kazi yake kutunza saa na mipangilio mashine isipokuwa na umeme. Katika kompyuta ya okazio mara nyingi imekwisha kufa. Palipo na umeme wa kudumu mtu anaweza kukaa miezi bila kujua. Kwetu, shirika la umeme SNEL linapokata, tarehe inarudi nyuma miaka kumi au zaidi. Umeme unaporudi, tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na saini ya draiva inaweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona watu wakifuta Windows nzima na kuanza upya kwa ajili ya betri inayouzwa na wauza saa. Tazama tarehe kwanza, chini kulia ya kioo.

Na delestaji, huko kukatwa umeme, ikikukuta katikati ya kuweka draiva? Mafaili ya zamani yameondolewa, mapya hayajakamilika, Windows inabaki na nusu ya kila moja. Usiweke draiva juu ya magofu hayo. Washa kwa hali salama, tumia programu ya bure ya Display Driver Uninstaller kufagia mabaki yote, ukiwa umechomoa waya wa mtandao au kuzima Wi-Fi, kwa sababu Windows ikipata mtandao itakimbilia kuweka draiva yake wakati wewe bado unafagia. Kisha weka ile sahihi. Mwenye onduleri aiunganishe hata kama betri yake inashika dakika kumi tu. Kazi hii haizidi hapo. Stabilizateri pekee haitoshi, kwa kuwa inarekebisha volti, haihifadhi umeme.

Nina maombi mawili, na ninayatoa kwa moyo wote.

La kwanza ni kwa wenye maduka ya mjini kati na wa masoko ya cité. Wekeni mashine moja ya majaribio, iwe wazi bila kifuniko, yenye kisanduku cha umeme cha kutosha. Kadi ichomekwe mbele ya mteja, draiva iwekwe, GPU-Z ifunguliwe, na namba ya DEV iandikwe kwenye risiti pamoja na bei. Mteja anayetoka na risiti ya namna hiyo ana haki mkononi akirudi kesho yake. Mzee mwenye duka anayefanya hivi hatapoteza. Wanafunzi wanapeana habari haraka kuliko redio.

La pili ni kwa shule. Lubumbashi ina ESIS Salama, inayofundisha informatika, na ina Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye Polytechnique yake. Kwa nini kila mwanafunzi wa mji huu apakue peke yake, kwa mega zake, faili lile lile ambalo mwenzake alilipakua jana? Maktaba moja ya chuo inaweza kutunza diski ya draiva: 391.35 kwa Fermi, toleo la mwisho la familia ya 470 kwa Kepler, toleo la mwisho kwa kadi za AMD ambazo kampuni iliziacha 2021, na za Intel kwa mashine za ofisi. Mtu aje na flashi yake na karatasi yenye namba ya kadi, aondoke na faili moja. Kama leseni ya kampuni inadai ruhusa, chuo kina barua na muhuri wa kuiomba, jambo ambalo kijana wa Katuba hana.

Diski hiyo iwe na msimamizi, kwa sababu flashi za mji wetu zimebeba virusi vingi, na zimebeba pia mikusanyo ya draiva inayoingiza programu ambazo hukuziomba. Kazi ya msimamizi si ngumu: bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, ingia kwenye "Signatures numériques", uone kama limetiwa saini na NVIDIA, AMD au Intel na kama saini ni halali. Lisilo na saini lifutwe siku hiyo hiyo, hata kama limeletwa na profesa.