Jiografia haimkai dogo kichwani? Mpeleke mawimbini!

Wiki hii tunaweka kando mapenzi na viwalo, tunakwenda ufukweni. Ila usibebe bia, beba daftari!

Mitaani kwetu hakosekani kijana ambaye majirani wameshambandika jina. Mara zezeta, mara mkorofi, mara eti karogwa. Hakutazami usoni, kelele za darasani zinamvuruga, na akishikwa na jambo moja halali. Mwalimu anachora ramani ya pwani, yeye anahesabu mapanga ya feni. Huenda ana usonji. Usonji si laana, hauambukizi, wala hauponi kwa bakora. Ubongo wake umepangwa kivyake, basi.

Sasa sikia hii. Kule Hawaii kuna jamaa anaitwa Clay Marzo, aliyelipwa kwa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mwaka 2007 aligundulika ana Asperger, ambayo siku hizi huhesabiwa ndani ya usonji. Nchi kavu, watu humchosha. Majini? Acha kabisa! Na jamaa wa California, Israel Paskowitz, alimpandisha mwanawe mwenye usonji kwenye ubao, akaona mtoto katulia tuli. Yeye na mkewe wakaanzisha Surfers Healing, inayowapandisha mawimbini watoto kama huyo bila kuwatoza senti.

Bahari haimponyi mtu usonji, tusidanganyane. Lakini inafundisha. Nasi Dar tuna Coco Beach, na msimu wa kusi mawimbi yapo. Kaka au dada mwenye mdogo wa aina hii, anza hivi:

Kwanza, upepo. Muulize unamgonga shavu gani. Kusi hutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, kaskazi hushika zamu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Upepo ukivuma kwa muda mrefu, tena juu ya bahari pana, unazaa wimbi kubwa.

Pili, sakafu ya bahari. Wimbi la futi 4 huvunjika likifika kwenye kina cha futi 5 hivi. Kwa hiyo povu linamwonyesha dogo chini kukoje bila kupiga mbizi. Likivunjika mbali, huenda kuna fungu la mchanga au mwamba wa matumbawe. Hapo ataelewa kwa nini wanaovua kwa baruti wanatuumiza: mwamba ukisambaratika, wimbi linakuja ufukweni na nguvu zake zote.

Tatu, mwezi. Mwezi mpevu na mwandamo huleta bamvua, na Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Nusu mwezi huleta maji mafu. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kijana anayependa namba na ratiba, mpe daftari aandike mwenyewe. Utashangaa!

Nne, mchanga. Tupa kifuu majini. Wimbi likija mshazari, kitasogea kufuata ufukwe, na mchanga nao husafiri hivyo hivyo. Ndiyo sababu mojawapo ya fukwe kama Kunduchi kuliwa na bahari.

Tano, hili si la mchezo. Pana mahali maji yanarudi baharini kwa kasi kama mto. Ukinaswa, usishindane nayo. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndipo urudi. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ni kati ya mambo yanayowaua zaidi. Kumficha ndani hakutoshi, maana siku akichoropoka ataifuata bahari asiyoijua.

Kwa hiyo jaketi la kuokolea ni lazima, na mtu mzima anayejua kuogelea awe karibu kiasi cha kumshika mkono. Aanze kulala kifudifudi juu ya ubao, maji yakiwa ya kiunoni. Nendeni mahali pale pale, mkikwepa Jumapili na miziki yake. Mwambie jambo moja moja. Usimguse kabla hujamwambia. Akisema basi, ni basi. Akitaka kukaa mchangani tu, somo liendelee hapo hapo.

Mkirudi nyumbani, achore alichokiona, na daftari hilo lifike kwa mwalimu. Mtihani bado unaandikwa kwa kalamu, na mwalimu anastahili kujua kwamba huyu anayeitwa zezeta anaweza kumwambia kesho maji yatajaa saa ngapi. Je, wale wanaomcheka kijiweni wanajua?