Kiswahili Kinachofukuzwa Darasani

Hivi karibuni tulikaribishwa kutazama somo la Kiingereza la watu wazima wanaoanza, mtaani Mutanga Sud, Bujumbura. Walikuwamo wachuuzi, madereva na vijana wanaotafuta kazi. Wote ni wasemaji wa Kirundi, na karibu wote wanakijua Kiswahili. Kifaransa walikimudu wachache. Hata hivyo kila jambo lilielezwa kwa Kifaransa, na mama mmoja alipomnong'oneza jirani yake kwa Kiswahili, alikaripiwa.

Hatuwezi kulinyamazia jambo hili. Karibu nusu saa ilipotea katika kutenganisha "I read" na "I am reading". Kifaransa husema "je lis" kwa yote mawili, ndiyo maana mwalimu alitokwa jasho. Laiti angaliwakumbusha "mimi husoma" na "sasa ninasoma", fumbo lingalifumbuka mara moja, ijapokuwa mipaka hailingani kabisa. Kirundi nacho kina "ndiko ndasoma".

Hatudai kwamba Kiswahili ni dawa ya kila ugonjwa. Aliyesema "I have twenty years" alipotoshwa na "nina miaka ishirini" sawasawa na "j'ai vingt ans". Na kwa "he" na "she", Kifaransa chatufaa kuliko "yeye" yetu. Basi kitumike hapo, kwa anayekijua.

Lakini darasa zima lilitamka "zis" badala ya "this", na hapa lawama ni yetu sisi walimu wa Kiswahili. Sauti hiyo imo katika "dhahabu". Ni nani aliyewaacha watu wa bara waseme "zahabu" na "selasini" miaka yote, bila kuwasahihisha?

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na katika ibara hiyohiyo ya 137 unaagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano. Vipi basi kimoja kifunguliwe mlango kwa kukifukuza kingine? Mwalimu alitujibu kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni. Na Kiingereza wanachokitafuta wachuuzi wale ni cha wapi?

Tulipokuwa tukitoka, mama aliyekaripiwa alitufuata hadi barabarani, akatuuliza kwa Kiswahili tofauti ya maneno yale mawili. Tulimwambia: husoma, anasoma. Akacheka, akafungua daftari lake hapohapo, akaandika.