Milima ya Uluguru Inahitaji Vibao vya Njia

Mhariri,

Salaam. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, Milima ya Uluguru imekuwa karibu kiasi cha mtu kuizuru na kurejea nyumbani siku hiyohiyo. Hata hivyo, wageni wengi huipita tu wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko, na ndiko unakoanzia Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Anayeirudia hupata jipya kila mara, kwani akishapanda Morningside, penye nyumba ya enzi za Wajerumani, bado maeneo ya Bunduki na Matombo yanamngoja.

Kero ni ukosefu wa vibao. Hivi karibuni familia moja ilipotea kwenye njia panda ikielekea Morningside, ikashuka bila kufika, ingawa mkulima aliyekuwa akipeleka mboga sokoni alijitahidi kuielekeza.

Mamlaka zinazohusika ziweke vibao na kutangaza viingilio bayana, nao wasomaji wenyeji waandike kuhusu njia wanazozifahamu.

Msomaji,
Morogoro