Krosova Kwanza, Spika Baadaye

Hapa Kampala, anayetaka muziki mzito garini hukimbilia kununua spika kubwa. Mimi napinga. Pesa ya kwanza iende kwenye krosova.

Krosova hugawa sauti: nzito huenda kwa spika ya besi, za kati kwa spika za milangoni, nyembamba kwa twita. Bila mgawanyo huo, twita hubebeshwa besi isiyoiweza, ikaungua, na spika za milangoni hukoroma.

Watasema besi ndiyo raha. Sikatai, ila ikae mahali pake: chini ya hezi 80 hivi. Sauti ya “s” iko juu sana, kwenye maelfu ya hezi. Ikimezwa, “sina” na “shina” hayatofautiani. Sisi tunaojifunza Kiswahili kwa nyimbo za Tanzania tunataka kusikia maneno, si kutetemeshwa tu.

Basi ipi? Chagua ile inayofungwa kabla ya amplifaya. Hudai chaneli zaidi, lakini unaweza kuirekebisha ikufae. Ile ya baada ya amplifaya kwa kawaida imeshapangiwa kiwandani pa kugawa sauti.

Mdharau mwiba, mguu huota tende.