Mgeni rasmi haanzishi mechi

KONA YA MZEE CHOGO

Nimechoka na wageni rasmi. Wasomaji wa kona hii mnajua nilishachoka na washereheshaji, nikachoka na turubai la meza kuu linalowaziba waliolipa kiingilio, lakini Jumapili hii nimefika ukingoni.

Fainali ya ndondo, kiwanja cha vumbi huku kwetu Mbagala. Gari la matangazo lilipita likisema saa kumi kamili. Saa kumi timu zote zilikuwa zimeshapasha misuli, zikapoa, zikapasha tena. Mheshimiwa alitokea saa kumi na moja kasoro robo, suti ya Kaunda, viatu vyeusi vyenye ncha. Akawapa mikono wachezaji wote, akapelekwa kwenye duara la kati, akaugusa mpira kwa ncha ya kiatu. Ukabiringika kidogo, ukasimama. Vigelegele. Spika ikapasuka: "Mechi imeanza rasmi!"

Imeanza wapi? Refa alikuwa kando, kipyenga mkononi, hajakipuliza. Sheria ya 8 haina fumbo: wachezaji wote wawe nusu yao, isipokuwa anayeanzisha, wapinzani wawe mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Refa atoe ishara. Kisha mpira upigwe na usogee waziwazi. Hapo ndipo mechi huanza. Hata kipyenga peke yake hakitoshi, seuze kiatu cha mtu asiye na jezi.

Jua lilikuwa linakimbia. Refa, mtu mzima mwenye akili zake, akawaita manahodha: tucheze dakika 40 kila kipindi, giza lisitukute. Wakakubali, na kanuni za ndondo zinaruhusu. Sheria ya 7 inataka makubaliano ya namna hiyo yafanyike kabla ya mechi kuanza, naye alifanya hivyo hivyo. Ndipo akapuliza. Mshambuliaji akaurudisha mpira nyuma kwa kiungo wake, na shemeji yangu, yule wa redio isiyozimwa, akaruka kitini: "Faulo! Mpira wa kuanza lazima uende mbele!" Shemeji, sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Nimeshaliandika hapa hapa, ila gazeti hili yeye hulifungia maandazi.

Kipyenga cha mwisho kikalia, bao moja bila. Mara katibu wa waliofungwa akaingia mbio uwanjani, simu juu, video ya mheshimiwa akipiga mpira. Hoja yake: dakika zilipunguzwa mechi ikiwa imeshaanza, kwa hiyo makubaliano ni batili, dakika kumi zao zirudishwe. Kamati, badala ya kumwonyesha geti, ikavuta viti vya plastiki ikakaa kikao. Adhana ya magharibi ikatukuta pale, kombe juu ya meza, hakuna wa kulibeba. Kisha mwenyekiti akafanya lililonimaliza kabisa: akamwuliza mgeni rasmi. Naye, bila aibu, akajibu, "Mimi ninavyojua, niliianzisha."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, wenyeji nusura wazipige.

Msinitafutie sababu za mbali. Ni bahasha. Kamati zetu zinaishi kwa bahasha ya mgeni rasmi, na mwenye bahasha hawezi kuambiwa kwamba teke lake halina kazi. Wenzetu nao wana sherehe zao. Mwaka 1994, Kombe la Dunia likifunguliwa Chicago, mwimbaji Diana Ross alipewa apige penalti ya maonyesho. Akaipeleka nje, na goli likapasuka katikati kama lilivyopangwa. Watu wakacheka, uwanja ukasafishwa, Ujerumani na Bolivia wakaanza mechi yao. Hakuna katibu aliyekimbia na video kudai chochote.

Najua mtanijibu kwamba refa angemzuia mapema. Kwa mamlaka gani? Sheria inampa refa nguvu ya kutoa kadi nyekundu hata kabla ya mpira kuanza, tangu anapoingia uwanjani kwa ajili ya mechi. Jumapili ile alikuwa nayo mfukoni. Bahati mbaya kadi hiyo ni ya wachezaji, wachezaji wa akiba na benchi la ufundi tu. Wageni rasmi wamesahauliwa, na ningependa kujua ni bahasha ya nani iliyowasahaulisha watunga sheria.