Ngeli kwa Mahadhi: Utunzi Apewe Mwanafunzi

Wapo walimu wanaodai kuwa kuimba darasani ni kupoteza wakati. Dai hilo halina mashiko. Mwanafunzi anayekariri jedwali la ngeli aghalabu hulisahau mtihani unapokwisha. Lakini akiyachukua mahadhi ya “Jambo Bwana”, wimbo uliovumishwa na Them Mushrooms miaka ya 1980, na kuyatungia maneno yake mwenyewe, hali hubadilika. Ataimba “mti umeanguka, miti imeanguka”. Mwenzake atadakia “kiti”, naye sharti ageuze viambishi papo hapo bila kupoteza mdundo. Kosa husikika kabla halijaandikwa. Hata hivyo, wimbo uliotungwa na mwalimu na kukaririwa tu ni jedwali lilelile lililovishwa mahadhi. Utunzi na apewe mwanafunzi.