Bei za zamani usizifute, ndo kipimo cha programu

Siku hizi kila ukigeuka kuna mtu anatangaza programu ya simu ya kukupangia bei na kukwambia lini ununue mzigo. Sizikatai. Ila kabla hujalipia, ipime kwa bei zetu za nyuma. Shida ni kwamba bei zenyewe hatuna! Tunaziweka status ya WhatsApp, saa 24 zikipita zimepotea.

Chukua dagaa. Wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua, bei pale Mwigobero inapanda. Sasa programu ukiilisha wiki mbili za giza tu, itaamini dagaa ni rahisi siku zote na itakupangia bei ya hasara. Inahitaji miezi kadhaa, na masika iwemo, maana mvua ikinyesha dagaa hawakauki.

Kuipima wala si kazi. Una bei za miezi sita? Ipe mitano, wa sita uufiche. Iulize bei za huo wa sita, halafu fungua daftari ulinganishe.

Andika tarehe, soko, kipimo, bei ya kununulia, nauli. Kwenye kipimo ndo kuna balaa: sado iliyojazwa mpaka kilima na iliyofutwa juu si sado moja, na gunia la lumbesa ndo usiseme. Ukiwa na mizani andika kilo. Siku mzigo haukuwepo andika "hakuna", usiweke sifuri, programu itadhani dagaa waligawiwa bure.

Serikalini zipo za kuanzia. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mazao kama mahindi na maharage, kwa gunia la kilo 100. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, zinasaidia kuelewa nauli. Dagaa ni juu yetu.

Najua mtasema nampa mpinzani siri. Siri gani? Bei ya mwezi jana wateja wote wanaijua. Cha kuficha ni majina na namba zao, hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mimi naweka za Musoma kila mwisho wa mwezi. Bunda na Butiama nani anaweka? Taja na kipimo chako.